Tabia ya Mzee Taratibu

3 Februari

Mdogo wangu,

Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu hushikiki. Nikitaja Baba tu, mtandao unakatika. Ajabu ni kwamba nikisema watoto hawajambo, mtandao unarudi. Basi hii hapa karatasi, tuone utaikata vipi.

Baba anaumwa. Si ile sukari tu unayoijua. Mwezi uliopita walimkata vidole viwili vya mguu wa kushoto na kidonda hakifungi. Nilipokwenda kumwona aliletwa kwenye kiti cha magurudumu, amekaa wima vilevile, shati limepigwa pasi. Sijui pasi wanaitoa wapi gerezani. Askari anayemsukuma anamwita "Mzee" kwa adabu zote, na mahabusu mmoja aliyepita pale nyuma nilimsikia akinong'ona, "Ndiye huyo, Mzee Taratibu." Nilicheka. Halafu nililia njia nzima.

Sasa sikiliza. Kuna kamati inayokaa mwezi wa sita kupitia majalada ya wafungwa wagonjwa waliokwisha kutumikia zaidi ya nusu. Baba ametumikia miaka kumi na mmoja kati ya kumi na sita. Wanataka vitu vitatu: cheti cha daktari, taarifa ya mkuu wa gereza, na barua kutoka kwa kila mtoto aliye mtu mzima, kwa mkono wake mwenyewe, akieleza tabia ya mzazi wake. Kila mtoto. Karani alinieleza mara mbili kana kwamba mimi ni kiziwi. Barua moja ikikosekana, jalada linarudi kabatini, wanaona familia yenyewe haimtaki.

Tupo wawili tu. Yangu nimeshapeleka, kurasa tatu. Nimeeleza alivyomuuguza Mama, alivyomfulia nguo kwa mikono yake, mtu aliyekuwa na vijana ishirini wa kutuma. Nimeeleza kwamba hakuwahi kutupandishia sauti hata siku moja. Yote ni kweli na wewe unajua.

Ukurasa mmoja unatosha, hata nusu. Andika Baba ni mtu wa namna gani, tia sahihi, weka kwenye bahasha. Usinizungushe.

Watoto wanakusalimu. Yule mdogo anauliza kama mjomba ni mtu wa kweli au ni jina tu.

Dada yako


26 Februari

Dada,

Barua yako ilikaa njiani siku kumi na moja. Niliisoma nimesimama, nikaenda kazini, nikarudi nikaisoma tena.

Mwambie huyo mdogo kwamba mjomba ni mtu wa kweli, ila yuko kwenye friji. Sitanii. Siku hizi nafanya kazi kwenye ghala la baridi. Maboksi ya nyama na samaki waliogandishwa yanaingia mlango huu, yanatoka mlango ule, na sisi katikati tunayapanga. Tunavaa makoti yanayofika magotini, kofia mpaka kwenye nyusi, kitambaa mdomoni. Huwezi kumjua mtu kwa sura. Kila mmoja ana namba mgongoni, mimi ni thelathini na nne. Kuna mwenzangu, kumi na tisa, tumeshika maboksi pamoja miezi saba, yeye upande huu mimi upande ule. Juzi nilimkuta kwenye foleni ya mkate nisimjue. Yeye ndiye aliyenijua, kwa jinsi ninavyokohoa. Tuliangaliana tukaona aibu, kama watu waliokutana hawajavaa.

Dada, nitasema ukweli kwa sababu nimechoka, na kutunga kunataka nguvu. Sijui kuandika hiyo barua. Shule niliacha mapema lakini siyo sababu. Nikishaandika "Baba yangu ni", mkono unasimama hapo.

Najua alimfulia Mama, nilikuwepo. Lakini nilikuwepo pia kwa fundi cherehani, na wewe hukuwepo. Unakumbuka lile koti la kijivu? Tulikwenda kulichukua mimi na Baba, mchana kweupe. Fundi alikuwa amegoma kutoa kile walichokiita ada ya ulinzi, na wenye maduka mengine walianza kumtazama yeye. Baba hakufoka. Alikaa, akausifu mshono, akauliza watoto wa fundi ni wangapi, wanasoma wapi, wakitoka shule wanapita njia gani. Fundi alijibu yote. Jasho lilimtoka akawa analifuta kwa kitambaa cha suruali ya mteja. Baba akamwomba radhi kwa kumpotezea muda. Kesho yake cherehani zote sita zilikutwa zimepondwa kwa nyundo, na vidole vya fundi, vya mkono ule wa kukatia kitambaa, vimepondwa hivyohivyo.

Koti Baba alilivaa kwenye harusi yako. Lilimkaa vizuri sana.

Kwa hiyo unataka niandike lipi?

Na mimi nina swali langu. Yule dereva wa Baba, yule mrefu, bado yupo mtaani?

Mdogo wako


19 Machi

Mdogo wangu,

Nimeisoma barua yako nikaenda kulitoa lile koti sandukuni. Nililitazama. Nikalirudisha. Sasa umeridhika?

Ulikuwa na miaka yote hiyo ya kunieleza habari za fundi cherehani, ukachagua mwaka huu ambao Baba anaoza mguu. Haya, nimekusikia. Lakini kamati haituulizi habari za fundi. Fundi ana watoto wake, nao wakitaka kuandika waandike. Sisi tunaulizwa kuhusu baba yetu. Je, alitulaza njaa? Alimpiga Mama? Alikuja nyumbani amelewa? Kuna watu wema mtaa mzima unawasifu, na wake zao wanavaa mikono mirefu wakati wa joto kuficha alama. Mimi nimeolewa, naona mengi.

Dereva yupo, kwa nini unamuulizia? Yupo kona ya duka la madaftari, anashona viatu na mabegi ya shule. Ule mguu wake haukunji tangu vijana walipomfanyia walichomfanyia. Hakuna anayemsalimu. Mwenye kiatu humwekea chini, akirudi hukiokota chini. Wanangu nimewafundisha kuvuka barabara kabla hawajamfikia, na huvuka kama askari.

Usinione mkatili. Mtu alikuja kwetu hana mbele wala nyuma, Baba akamfundisha kuendesha gari, akala mezani petu, mimi mwenyewe nimempakulia. Halafu akaenda kuwaambia polisi saa ya lile lori la dawa. Lori linakamatwa, wapakiaji wanakamatwa, yeye anaruka ukuta salama! Hata mtoto mdogo angejua. Kama si yeye, Baba angekuwa nyumbani na vidole vyake kumi.

Andika hiyo barua. Kamati inakaa tarehe ishirini Juni. Au nikuelewe kwamba unataka afie huko?

Dada yako


8 Aprili

Baba,

Shikamoo. Najua barua hii itafunguliwa kabla hujaiona, na sina la kuficha tena.

Pole kwa mguu. Dada amenieleza.

Baba, aliyepiga simu polisi siku ile ya lori ni mimi. Dereva hakusema neno kwa mtu yeyote. Nilipiga kwa simu ya zahanati, nilimwambia muuguzi naita gari la wagonjwa. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Tangu siku ya fundi cherehani nilikuwa siwezi kumeza chakula ukiwa umekaa mbele yangu, na ulipoanza kuchukua dawa kwenye bohari ya hospitali nilisema sasa basi. Nilidhani watakamata lori tu. Sikufikiri mpaka mwisho, mimi si mtu wa kufikiri mpaka mwisho, hilo ni lako.

Vijana walipomwendea Dereva nilinyamaza. Niliogopa. Kila mwaka nasema mwaka huu nitasema, kila mwaka naogopa upya.

Wewe uliamini ni yeye. Ulikosea, na kosa hilo nilikusababishia mimi. Nakuomba jambo moja. Mwite mtu unayemwamini, sema ukweli huo, ufike mtaani, watu wamwache yule bwana apumue. Wakisikia kwako wataamini. Ukifanya hivyo nitaandika kwa kamati barua yoyote unayotaka.

Mwanao


30 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeipata. Hii yangu haikupita ofisini, imetoka na mtu aliyemaliza kifungo leo asubuhi. Isome, kisha uichane.

Umetumia kurasa mbili kunieleza jambo ambalo nalijua tangu siku yenyewe.

Nilikuwa na utaratibu wangu. Kila safari, kila mtu nilimpa saa yake. Siku ile wapakiaji niliwaambia lori litatoka saa nane, mlinzi wa geti saa tisa, Dereva saa tisa na nusu, saa ya kweli nikabaki nayo mimi mpaka dakika ya mwisho. Mtu akiuza maneno, saa aliyoiuza ndiyo inayomtaja. Wewe hukuujua utaratibu huo kwa kuwa sikutaka uijue kazi. Lakini asubuhi ile tukinywa chai uliniuliza lori linatoka lini, nami nikakujibu saa kumi na robo. Sikukutilia shaka. Nilikuwa nimezoea kutega, nikatega mpaka mezani kwangu.

Lori lilipasuka tairi likachelewa, ndiyo maana lilikuwa bado pale. Polisi wakaingia saa kumi na robo, si dakika mbele wala nyuma. Mlinzi wa geti aliponiletea habari hizo nilikaa kitandani kwa Mama yako, nikakaa.

Jioni vijana walijaa sebuleni wanataka jina. Wewe ulikuwa jikoni unawachemshia chai, ninakukumbuka, vikombe vilikuwa vinagongana. Kama nisingetoa jina wangetafuta wenyewe, na wangefika jikoni. Kwa hiyo niliwapa Dereva. Nikasema saa ile nilimpa yeye peke yake. Aliruka ukuta, hilo lilisaidia. Na alikuwa hana baba wala ndugu wa kuja kuuliza. Nililifikiria hilo kwanza. Nikawaambia wasimwue.

Siku mbili baadaye, polisi hawajanifikia bado, nikakwambia kuna kazi ng'ambo, uondoke. Ulinitazama kama mtu anayefukuzwa.

Sasa unataka niseme ukweli. Wale vijana watatu waliomvunja mguu bado wapo na wana nguvu. Nikisema, wewe hutakanyaga tena nyumbani, na dada yako anaishi mtaa uleule na wanawe. Dereva naye atapata nini? Mguu hautakunja.

Andika nusu ukurasa. Usiandike kwamba mimi ni mtu mwema, makarani wana akili. Andika kwamba kila jioni nilikula pamoja na wanangu. Ni kweli, wala hakuna wa kubisha.

Dada yako asijue.

Baba yako


17 Mei

Dada,

Keti kwanza. Kama mnapika, epua chungu.

Aliyewaambia polisi ni mimi. Dereva hakufanya kitu. Naweka humu barua ya Baba, aliniambia niichane, sikuichana, isome kwa macho yako usije ukasema nimemsingizia. Mwandiko wake unaujua.

Umesoma? Basi naendelea.

Miaka kumi na mmoja nilikuwa na jambo moja la kujifariji nalo. Nilijiambia Baba ni katili lakini alidanganyika, na aliyemdanganya ni mimi, kwa hiyo ubaya wa mguu wa Dereva tumegawana. Nilikuwa namwonea Baba huruma, unaweza kuamini? Nilimwona kama mzee anayemchukia mtu asiye na kosa, naye hajui. Kumbe alijua kabla chai haijachemka.

Nitakwambia jambo la aibu. Siku ile barua ilipofika, kitu cha kwanza nilichosikia moyoni ni furaha. Nilikuwa katikati ya maboksi, baridi imenikaza mashavu, nikafurahi. Baba alijua nilichomfanyia na bado akanichagua mimi. Hakuna aliyewahi kunichagua kwa jambo lolote, Dada, hata kwenye mpira nilikuwa naokota mipira. Nilifanya kazi mpaka kengele ikalia nikiwa na furaha hiyo. Ndipo nikakumbuka Dereva alivyokuwa ananikalisha kwenye usukani, uwanja ule nyuma ya bohari, anasema, "Usiiangalie gia, dogo, haina sura nzuri, angalia barabara." Nikanunuliwa mimi kwa mguu wake. Nikavua glavu nikatoka nje. Msimamizi akapiga kelele, "Thelathini na nne, unakwenda wapi?" Nilimwambia nakwenda kutapika, na kweli nilitapika.

Sasa naelewa kwa nini mkono ulikuwa unakwama. Nilikuwa natafuta neno moja, mwema au mbaya, nione lipi linaandikika. Kitendo kizuri kuliko vyote alivyonifanyia na kibaya kuliko vyote alivyomfanyia mtu ni kitendo kimoja. Alikifanya kwa pumzi moja, sebuleni, bila kupandisha sauti.

Barua ya kamati nimeandika. Iko humu, bahasha nimeiacha wazi. Wewe ndiye unayeishi pale, wewe ndiye mwenye watoto. Ukiona ina hatari ichome, sitakuuliza. Ukiipeleka, ipeleke kama ilivyo.

Mdogo wako


17 Mei

Kwa Kamati,

Mimi ni mtoto wa pili wa mfungwa huyu. Ni kibarua, naishi mbali, elimu yangu ni ndogo, mtanisamehe mpangilio.

Mmeniuliza tabia ya baba yangu. Hakuwahi kunipiga. Alikula na sisi kila jioni. Mama alipougua alimwogesha na kumfulia. Kuwa mtoto wake kulikuwa kuzuri, na gharama yake walilipa watu wengine.

Mimi ndiye niliyewaambia polisi habari za lori lililomfunga. Baba alijua ni mimi. Ili nisiguswe aliwaambia watu wake kwamba ni dereva wake, kijana asiye na wazazi, wakamvunja mguu. Alimchagua kwa sababu hakuwa na ndugu wa kumuulizia. Mtaa umemtenga tangu siku hiyo.

Msinihesabu mimi kuwa shahidi. Tabia ya baba yangu mimi nimeionja upande wa utamu tu. Nawaomba mkitaka kuijua mumwite dereva, mumkalishe kwenye kiti, mumsikilize mpaka amalize. Kama Baba aachiwe au asiachiwe, siwaombi wala siwakatazi. Ni baba yangu na anaumwa.

Mwanawe wa kiume


28 Juni

Dada,

Tarehe ishirini imepita. Sijapata barua. Nimepiga simu, mtandao unakatika. Safari hii naona ni wewe.

Sina cha kuongeza. Naandika ili ujue kwamba naendelea kuandika. Nikitoka kazini napitia ofisini kuuliza kama kuna bahasha, yule mama wa mapokezi sasa ananiona kwa mbali ananitikisia kichwa, ananiokolea hatua.

Kumi na tisa amehamia ghala jingine. Wa sasa ni arobaini na moja. Anakwenda haraka mno, maboksi yanagonga vifua.

Mdogo wako


9 Julai

Wewe,

Barua yako nilikaa nayo wiki nzima chini ya godoro. Shemeji yako aliniuliza kwa nini sisemi na mtu, nikamwambia jino.

Kwanza niliwaza kuichoma. Halafu nikawaza kukuandikia nyingine mimi mwenyewe, mwandiko wako si kazi kuuiga, ni kama kuku aliyekanyaga wino. Nilifika nusu ukurasa. "Kila jioni alikula pamoja na wanawe." Nilipoisoma sentensi hiyo nikamwona ameketi pale, wewe kushoto mimi kulia, Dereva kwenye kile kiti cha karibu na mlango. Alikuwa anakula nasi, wewe. Jioni zile zile. Baba hakumhesabu.

Nikachukua begi la mtoto, zipu ilikuwa mbovu kweli, nikaenda kona ya duka la madaftari. Nilisimama mbele yake. Akanyoosha mkono chini, anangoja niliweke chini. Nikampa mkononi. Akalitazama begi, akanitazama mimi.

Nikamwambia, "Nina barua."

Akasema, "Mimi nashona mama, kusoma sijui. Labda kama imechanika."

Nikakaa kwenye kile kigogo cha wateja, mbele za watu, mchana, nikamsomea zote mbili, ya Baba na ya kwako. Mwenye duka alisimama mlangoni na daftari mkononi. Mwanamke mmoja aliyekuwa anapita akasimama, halafu wawili. Nikaendelea. Niliposoma pale pa kwamba hakuwa na baba wala ndugu, akasema, "Rudia hapo." Nikarudia. Akashona kidogo, sindano ikampotea njia, akaitoa.

Akasema, "Kumbe alijua."

Nikamwambia ndiyo.

Akasema, "Unajua kwa nini sikuhama hapa? Watu wananiuliza, jitu zima limekaa kona hii linatemewa mate, si uende mji mwingine. Nilikuwa namngoja. Nilisema Mzee ni mtu wa kufikiri, siku moja atagundua alikosea, atatuma mtu aje anichukue. Sikutaka asinikute."

Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, yeye akanipa kitambaa cha kufutia dawa ya viatu, nikatoka pale na uso mweusi.

Barua niliipeleka kama ilivyo. Kamati ilimwita kweli. Alivaa shati jeupe, shemeji yako alimpeleka, mguu hauingii vizuri kwenye gari. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma. Wakamuuliza tabia ya mfungwa. Akasema, "Alinifundisha kuendesha. Nilimwita Baba mbele za watu naye hakukataa. Andikeni hilo. Halafu andikeni na mguu." Wakamuuliza kama ana kinyongo akiachiwa. Akausogeza mguu wake kwa mikono miwili, akasema, "Mimi sijui atafikia wapi. Nyumba yake naipita kila siku, haina mtu."

Wamekataa. Jalada limerudi, litatazamwa mwakani kama mgonjwa atakuwepo. Nilikwenda kumwona Baba Jumamosi iliyofuata. Nilisubiri saa nzima, akaja askari peke yake. Akasema Mzee anashukuru kwa matunda lakini hajisikii kuonana na mtu. Nilimwacha na matunda yake.

Mmoja wa wale vijana watatu alikuja nyumbani. Amenenepa, anauza saruji. Aliketi, hakugusa maji niliyomletea, akauliza, "Ni kweli?" Nikamwambia kweli. Akakaa anaitazama mikono yake. Alipoondoka alisahau kofia, na mpaka leo hajatuma mtu kuichukua.

Sasa nikwambie lililonikaa. Usirudi bado. Si kwa ajili yao, wao wamezeeka, naona hata hasira zimewaisha. Ni kwa ajili yangu. Niliwafundisha wanangu kuvuka barabara. Miaka yote, asubuhi na mchana, niliwashika mikono nikawavusha wasimkaribie mtu ambaye hakunikosea kitu, nikajiona mama mwenye msimamo. Hilo mlinifanyia nyie wawili, Baba kwa kusema, wewe kwa kunyamaza, na sijui nani nimkasirikie zaidi. Baba angalau yuko mahali ninapopajua.

Nikikuona sasa hivi nitakupiga au nitakukumbatia, na yote mawili siyataki.

Lakini andika. Niandikie habari za kazi, za baridi, za hao watu wenye namba. Habari za Baba usiniandikie mpaka nikuambie.

Dada yako


2 Agosti

Dada,

Nimekuelewa. Sitarudi mpaka uniite.

Kazi ipo. Wameongeza zamu, sasa mapumziko ni dakika kumi na tano. Tuna chumba cha kupashia mwili, kina mabenchi mawili na hita moja, anayewahi hukaa karibu nayo. Arobaini na moja huniwekea nafasi. Nimegundua ni kijana kuliko nilivyodhani, akishusha kitambaa ana ndevu chache sana. Anakwenda haraka kwa sababu anaogopa kufukuzwa. Nimemwonyesha jinsi ya kushika boksi kwa chini, sasa vifua vyetu vina nafuu.

Juzi tukiwa pale kwenye hita alikuwa ananieleza habari za baba yake, ni fundi bomba, jinsi anavyoimba akiwa chini ya sinki. Akacheka. Halafu akaniuliza, "Wa kwako je, anafanya kazi gani?"

Watu huulizana hivyo hapa kupitisha muda, Dada, na kila mtu ana jibu lake fupi. Mimi nilimjibu refu. Nilianzia mwanzo, sikuruka mimi nilichofanya wala alichofanya yeye. Kengele ilikuta bado sijamaliza.

Kijana alimimina chai iliyobaki kwenye ndoo, akavaa glavu zake, akaenda kukaa benchi lile jingine kungoja mlango ufunguliwe. Siku nzima tulishika maboksi pamoja bila neno.

Jana nilipoingia nilikuta ameniwekea nafasi, palepale. Nikakaa. Tulinyoosha mikono kwenye hita, yake na yangu, mpaka kengele ikalia.

Mdogo wako